Mteja Tak Se-hyeon

Kompyuta ilikuwa imebadilika uso. Tak Geun-su aliiwasha asubuhi ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu ya mavuno, akasubiri na kikombe chake cha chai ya shayiri mkononi. Badala ya rangi ya kijani iliyofifia aliyoizoea kwa miaka kumi na mitatu, kikajitokeza kioo cha buluu, kinang'aa, kitupu kama nyumba iliyohamwa.

"Mama Yu-gyeong," akaita. "Hebu njoo. Kuna mtu ameingia humu."

Mkewe, Ma Sun-deok, alikuwa anapasha moto viporo vya sikukuu. Kutoka jiko lake hadi kwenye kompyuta ni hatua nane tu, kwa sababu duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, katika kichochoro cha wapiga chapa mjini Daejeon. Hapo ndipo walipopanga chapa za vitabu vya nasaba za koo, kurasa kwa kurasa za majina ya watu waliokufa zamani na wajukuu wao walio hai. Geun-su alipanga. Sun-deok alisoma prufu, kurasa za majaribio, kwa sauti, rula mkononi, jina kwa jina, mpaka sauti ikauke.

Aliinama nyuma ya bega la mumewe. Programu ya kupanga chapa ilikuwa imefunguka nusu, na katikati ya kioo palikuwa na kisanduku chenye maneno mafupi: Leseni haijaamilishwa kwenye kompyuta hii.

"Hivi vitu havijiingii vyenyewe," Geun-su alisema.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Yu-gyeong, binti yao, alitoka na nywele mbichi, amevaa tayari nguo za safari. Alikuwa na tiketi ya treni ya jioni ya kurudi Seoul, kwenye kazi yake ya bima.

"Baba, umeona?" alisema kwa furaha. "Nilitaka uikute hivyo hivyo, usijue. Nimekupandisha mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa unalia kila ukiwasha, 'msaada unaisha, msaada unaisha.' Ofisini wanasema ukibaki nao wezi wanaingia hadi benki. Nimekaa nao usiku mzima wa sikukuu."

"Sasa programu yangu inataka leseni."

"Ingiza tu ile ya zamani."

"Ipi?"

Yu-gyeong akavuta kiti. Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Akafungua faili la ukoo wa Ban, kazi iliyokuwa mkononi, kwa programu nyingine, ya kawaida, ili amwonyeshe baba yake kwamba hakuna kilichopotea. Kurasa zikaja. Tarehe zilikuwepo, vijiji vilikuwepo, makaburi yalikuwepo na upande yalikoelekea. Majina hayakuwepo. Mahali pa majina palikuwa na visanduku vitupu, vimepangwa safu kwa safu, kama madirisha ya ghorofa usiku wakati umeme umekatika.

Sufuria jikoni ilianza kufurika, hakuna aliyekwenda.

Koo za zamani hazikuwapa watoto majina mepesi. Walichagua herufi za Kichina ambazo hazikuonekana mahali pengine popote, herufi ambazo mashine hazikuwahi kufundishwa. Kila Geun-su alipokutana na moja, aliichora mwenyewe, mstari kwa mstari, akaihifadhi ndani ya programu yake. Alikuwa amechora elfu mbili mia moja arobaini na tatu. Nje ya programu ile hazikuwa na pa kuishi.

"Rudisha ulivyokuta," Geun-su alisema taratibu.

"Inarudishika ndani ya siku kumi, Baba, ila..." Yu-gyeong akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Diski ilikuwa imejaa. Iliniuliza kama ifute mfumo wa zamani. Nikasema ndiyo."

"Ukasema ndiyo."

"Nilidhani nakusaidia."

Geun-su aliweka kikombe chake chini, akakigeuza hadi kishikio chake kikaelekea ukutani. Hakumkaripia. Yu-gyeong angependa akaripiwe.

*

Kabla ya saa sita mchana, Ban Yong-sik alifika. Alikuwa katibu wa ukoo wa Ban, mzee wa suti ya kijivu, na alikuwa amebeba kasha la matunda ya peya lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Kitabu chake, juzuu tatu, kilitakiwa kiwe mezani mbele ya makaburi siku ya ibada ya vuli, mwezi wa kumi wa kalenda ya mwezi mwandamo. Wazee themanini wangekuja kwa mabasi. Mkubwa wao alikuwa na miaka tisini na moja, na kila wiki alipiga simu kuuliza kama jina la dada yake limeingia; katika toleo la zamani mabinti hawakuandikwa.

"Nilikuwa napita tu," Ban Yong-sik alisema, ingawa hakuna anayepita tu katika kichochoro kile. "Nikasema nimwone Bosi Tak. Mnaendelea?"

"Tunaendelea," Geun-su alijibu, akainama. Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, ameficha visanduku kwa mgongo wake.

"Nionyeshe hata ukurasa mmoja. Macho yangu yatulie."

"Leo mashine imepumzika kidogo."

"Mashine nayo inasherehekea sikukuu?" Katibu alicheka, kisha akaacha kucheka polepole, kama watu wa mkoa ule wa Chungcheong wanavyofanya kila kitu. "Hakuna haraka, Bosi. Babu zetu wameshazoea kungoja. Mimi ndiye nasumbuliwa. Vijana wa ukoo wanasema Seoul kuna kampuni inaweka nasaba kwenye simu. Unagusa jina, picha inatokea. Nikawaambia, hapana, Bosi Tak ametupangia toleo lililopita, na baba yake alilipanga lile la kabla yake kwa herufi za madini ya risasi, moja moja. Niliwaambia hivyo."

"Asante, Bwana Katibu."

"Niliwaambia hivyo," Ban Yong-sik akarudia. Alimtazama Sun-deok, akatazama sakafu. "Nije lini niione?"

"Keshokutwa," Sun-deok alisema kabla mumewe hajajibu.

Mgeni alipoondoka, Geun-su alibaki ameinama vilevile, kama mtu aliyesahau namna ya kunyooka. Ukoo wa Ban ulikuwa kazi yao pekee ya mwaka ule. Kila mtu kichochoroni alijua, na Ban Yong-sik alijua kuliko wote, ndiyo maana onyo lake alilipoza kwa peya nzuri.

*

Yu-gyeong alihamisha tiketi yake hadi treni ya mwisho. Alikaa kwenye kompyuta akisoma kurasa za kampuni iliyouza ile programu. Kampuni yenyewe ilikuwa imenunuliwa na nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa na toleo jipya la kulipia kila mwezi, ambalo halikuzitambua herufi alizochora mtu kwa mkono wake.

"Leseni ya zamani bado inafanya kazi," alisema mwishowe. "Inaruhusu kuhamishiwa mfumo mpya mara moja. Lakini mwenyewe lazima apige simu."

"Basi baba yako apige."

"Mama." Yu-gyeong hakugeuka. "Leseni si ya Baba. Imesajiliwa kwa jina la kaka."

Sun-deok alikaa kwenye kiti chake cha kusomea prufu.

Se-hyeon, mtoto wao wa kwanza, aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Watoto wengine humnunulia mzazi nguo za ndani za joto, ndiyo mila. Yeye alisema nguo zinachakaa. Alikufa miaka sita iliyopita kwenye barabara ya Cheonan, mvua inanyesha, lori limepoteza breki. Tangu mazishi majirani waliacha kumwita Sun-deok Mama Se-hyeon, wakahamia Mama Yu-gyeong, bila kuambizana. Geun-su naye akahama nao. Mtu ambaye riziki yake ni kuandika majina ya wafu hakulitamka hilo moja hata siku moja. Akilazimika sana, alisema "yule mtoto."

"Tuwaambie ukweli," Sun-deok alisema. "Tupeleke cheti cha kifo. Ni watu, wataelewa."

"Nimesoma masharti." Yu-gyeong akasoma tena, kwa sauti ya ofisini asiyoipenda: "'Leseni hii ni ya mtu binafsi. Haiuzwi, haigawiwi, hairithiwi. Mwenye leseni akifariki, leseni inakoma.' Tukisema amekufa, wanaifunga palepale."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Wanauliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Halafu wanatuma namba za uthibitisho kwenye simu ya mwenyewe, na una dakika tatu kuzisoma." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na hiyo laini ilishafungwa. Baba alisema ifungwe siku ile ya ibada ya siku arobaini na tisa baada ya kifo. Kwa hiyo hakuna. Nimeiua mimi. Nimeua kazi yenu kwa mkono wangu."

Geun-su alikuwa anapanga penseli zake mezani kwa urefu. Hakuinua macho.

Sun-deok alinyanyuka, akaenda chumbani. Walisikia droo ya chini kabisa ya kabati, ile ya nguo ya harusi isiyovaliwa na mtu. Aliporudi alikuwa ameshika simu nyeusi yenye ufa kwenye pembe, imefungwa kwenye leso. Akaiwasha. Ikawaka na chaji imejaa.

"Sikuifunga," alisema.

Geun-su aliitazama simu, akamtazama yeye. "Uliniambia umeifunga."

"Nilikuambia."

"Miaka sita?"

"Nalipa kutoka kwenye hela ya mboga. Naichaji Jumapili. Haijakudhuru."

Yu-gyeong alikuwa ameanza kunyoosha mkono kuichukua, mama yake akairudisha kifuani.

"Ngoja kwanza. Hizo namba zinakuja wapi? Kwa meseji ya kawaida?"

"Hapana, siku hizi wanatuma kwenye programu ya kuongea. Ile ya manjano. Itabidi tuifungue."

Sun-deok akatoa simu yake mwenyewe kwenye mfuko wa aproni, akamwonyesha binti yake, na hapo Yu-gyeong akajua kitu ambacho hakukijua juu ya mama yake kwa miaka sita.

Zilikuwa meseji. Leo nimepika supu ya samaki mkavu, umekula? Theluji imeanguka, vaa soksi mbili. Dada yako amepata kazi ya bima, anajifanya mkubwa. Moja kila siku, siku nyingine mbili, zote upande mmoja, hakuna jibu hata moja. Na kando ya kila meseji palikuwa na tarakimu ndogo ya manjano: moja. Kila mtu nchini anaijua hiyo moja. Inakaa pale mpaka unayemwandikia afungue asome, kisha inatoweka.

"Unaona?" Sun-deok alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ikiwa na moja, bado hajasoma. Mtu ambaye hajasoma, bado anaweza kusoma. Ni hilo tu. Najua amekufa, si mwendawazimu mimi. Lakini moja zangu ziko pale."

"Mama..."

"Fungua hiyo programu. Chukua namba za kampuni. Meseji zangu usiziguse. Uniapie."

"Sitazigusa. Naapa."

Geun-su alisikia yote. Alisimama, akaenda msalani, akafungua bomba. Maji yalitiririka muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kunawa.

*

Walikaa watatu kuzunguka meza. Programu ya kuongea kwenye simu ya Se-hyeon ilikataa kufunguka mpaka nayo isasishwe, na walitazama mstari wake ukitambaa kwa dakika kumi na moja, wala hawakutazamana. Kisha Geun-su alipiga namba ya huduma kwa simu yake. Muziki. Bonyeza moja, bonyeza nne. Muziki tena. Akaiweka kwa sauti ya nje ili Yu-gyeong asikie.

"Habari za mchana, mteja mpendwa," sauti ya msichana ilisema, ya uchangamfu uliochoka. "Ninazungumza na mwenye leseni?"

"Ndiyo."

"Jina lako kamili, mteja?"

Geun-su alifungua mdomo. Akaufunga. Yu-gyeong alimsukumia kipande cha karatasi chenye jina hilo, kana kwamba tatizo lilikuwa kukumbuka.

"Hallo? Mteja, unanisikia?"

"Tak," alisema. "Tak Se-hyeon. Mimi ni Tak Se-hyeon."

Sun-deok alilisikia jina kwa sauti ile aliyoitamani miaka sita ilitaje. Sasa lilikuwa limetajwa, na aliyelitaja alikuwa amejipa jina hilo yeye mwenyewe. Aliukamata ukingo wa meza.

"Asante, mteja Tak Se-hyeon. Una mafua? Sauti imekauka."

"Mafua, ndiyo."

"Pole, hali ya hewa imebadilika ghafla. Tarehe ya kuzaliwa tafadhali?"

"Themanini na tisa," Geun-su alisema. Hapa hakusita, hapa alikuwa na uhakika. "Mwezi wa tatu, tarehe kumi na tano."

Vidole vilisikika vikigonga upande wa pili.

"Samahani, mteja. Hailingani na iliyosajiliwa."

Geun-su aliwatazama wanawake wawili kwa hofu. Ndiyo siku waliyopika supu ya mwani ya kuzaliwa kila mwaka, mtoto akiwa hai! Sun-deok ndiye aliyeelewa. Mumewe alikuwa ametoa tarehe ya kalenda ya mwezi, ile ya nyumbani, ya supu na mishumaa, wakati mtoto mwenyewe alijisajili kwa tarehe ya serikali. Alinyakua penseli akaandika kwa herufi kubwa: Aprili 20.

"Aprili," Geun-su alisema. "Tarehe ishirini, Aprili. Nilichanganya. Hapa nyumbani tunahesabu kwa mwezi mwandamo."

Msichana alicheka, na kicheko kile kilikuwa cha kweli. "Aa, wazazi wa zamani! Mama yangu naye yuko hivyo, hata leo hajui siku yangu kwenye kitambulisho. Sawa, inalingana. Sasa natuma namba sita za uthibitisho kwenye simu yako. Una dakika tatu. Na huko kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa uamilishaji ubaki wazi, tafadhali."

Yu-gyeong alikuwa ameuacha ukurasa, ulikuwa umejifunga wenyewe. Aliruka kwenda kwenye kompyuta. Wakati huohuo simu nyeusi ikatetemeka mezani, na hapakuwa na mkono uliokuwa karibu nayo ila wa Geun-su.

Aliichukua. Miwani yake ilikuwa kwenye paji la uso, hakuikumbuka. Alipoigusa, orodha ikafunguka. Meseji ya kampuni haikuwa ya kwanza. Juu yake palikuwa na mazungumzo ambayo mwenye simu, siku moja alipokuwa hai, alikuwa ameyabandika kileleni yasishushwe na kitu chochote, na jina lililoandikwa pale lilikuwa Mama.

Sun-deok alikiona kidole kikishuka. Hakuweza kupiga kelele. Msichana yule alikuwa anasikiliza, na katika simu ile Se-hyeon alikuwa hai, peke yake, ana mafua. Alijaza aproni mdomoni.

Kidole kikagusa.

Meseji zikafunguka zote, miaka sita, zikajipanga mbele ya macho ya mzee aliyekuwa anatafuta namba sita. Alizitazama. Midomo yake ilianza kusoma kwa mazoea, kama inavyosoma majina.

"Mteja Tak Se-hyeon? Zimefika?"

Yu-gyeong alirudi, akaona, akaipokonya simu. Akatafuta meseji ya kampuni. Akazionyesha namba kwa baba yake, na Geun-su akazisoma moja moja: saba, sifuri, tatu, tatu, nane, mbili.

"Asante sana. Subiri kidogo. Ndiyo, imekubali. Leseni yako sasa iko kwenye mfumo mpya. Uhamisho huu ulikuwa wa mwisho, mteja, kwa hiyo itunze vizuri hiyo kompyuta. Kuna jambo jingine nikusaidie?"

Geun-su hakukata simu. Sun-deok alimtazama akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, na alielewa kwamba ilikuwa vigumu kwake kuiweka chini, kwa sababu akiiweka, atakuwa tena baba.

"Kama hakuna," msichana alisema kwa upole, "nikutakie siku njema, mteja Tak Se-hyeon. Sikukuu ndiyo imepita, natumaini ulifika nyumbani. Wasalimie wazazi."

"Nitawasalimu," Geun-su alisema.

*

"Yamerudi!" Yu-gyeong alipiga kelele kutoka kwenye kompyuta. "Baba! Majina yote! Angalia!"

Na kweli yalikuwa yamerudi. Visanduku vilikuwa vimejaa, ukurasa kwa ukurasa, akina Ban wa miaka mia sita, na yule dada wa mzee wa miaka tisini na moja kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mumewe. Yu-gyeong alihifadhi nakala tatu mahali patatu. Alichapisha ukurasa mmoja kwa ajili ya katibu. Alilia, akacheka, akamkumbatia baba yake, ambaye alimpigapiga mgongoni na kusema, "Vizuri. Vizuri. Umejitahidi."

Juu ya lile lingine, Yu-gyeong alimsogelea mama yake jikoni. "Mama, ile... niliapa mimi, sikuwa..."

"Utachelewa treni," Sun-deok alisema, na akamfungia kimchi, kabichi iliyochachushwa, kwenye mifuko miwili ili isinukie watu ndani ya behewa.

Alipotoka kumsindikiza binti hadi mwisho wa kichochoro, aliosha vyombo vyote, hata visafi. Akafuta meza. Akaosha na mchele wa kesho. Ndipo akakausha mikono na kutoa simu yake kwenye mfuko.

Hapakuwa na moja hata moja. Alipandisha juu, juu, juu zaidi, mwaka jana, mwaka juzi, theluji, soksi, supu. Kando ya meseji zote palikuwa peupe. Kwa miaka sita mwanawe alikuwa hajapata nafasi ya kusoma. Sasa amesoma zote, na hajajibu.

Alisimama pale mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe.

Geun-su alitokea mlangoni. Alikuwa na simu nyeusi, ameifunga tena kwenye leso, vibaya, kama mwanamume anavyofunga.

"Nilibonyeza vibaya," alisema.

"Nimeona."

"Sikuwa na miwani." Alibaki mlangoni. "Baadaye nilivaa."

Sun-deok aligeuka. "Umesoma?"

"Wewe ulipomsindikiza Yu-gyeong. Nilisema, kwa kuwa imeshafunguka. Zilikuwa nyingi, nimekimbiza kimbiza tu."

"Hata ile ya mwaka wa tatu?"

Hakuhitaji kumweleza ipi. Ilikuwa fupi: Baba yako bado hajataja jina lako. Nadhani mimi ndiye nimekuwa na mtoto, yeye hakuwa naye.

"Hata hiyo," alisema.

Alikuja akaiweka leso mezani kati yao. Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyetembea tangu asubuhi. Mikono yake, yenye wino uliokaa kwenye mistari ya vidole tangu enzi za herufi za risasi, ilikuwa haijui iende wapi.

"Nilitaka kusema jambo juu ya yule mtoto," alianza.

"Ana jina."

Geun-su alikubali kwa kichwa. Alifungua mdomo, na Sun-deok akamwona akijaribu. Aliona jina likifika hadi kwenye meno. Likarudi.

"Nililisema mchana," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imekauka kweli sasa. "Mara mbili. Sikubakiwa na nguvu ya tatu."

Hakumkaripia. Sun-deok alikuwa na mengi ya kumkaripia, na haki ya kufanya hivyo. Alichota wali kwenye bakuli, akamwekea mbele, akaweka kijiko na vijiti upande wa mkono wake wa kulia.

"Kesho, basi," alisema.

"Kesho," Geun-su akasema, akainama juu ya bakuli, akaanza kula.